Mnada wa mtandaoni: Tunanunua, au tunashindana?





Wiki tatu zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, kijana mmoja alinifuata nikiwa natafuta viatu vyangu mlangoni mwa msikiti. Alitaka kujua iwapo inajuzu Muislamu kununua vitu katika minada ya mtandaoni, ile ambayo mtu anakaa na simu yake Kariakoo huku akishindana kupandisha bei na watu asiowajua walioko Japani, Pakistani au Uingereza. Nilimjibu kwa haraka kwamba mnada ni halali. Akashukuru, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani moyo ulinisuta. Jibu nililompa lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili naijua vizuri kwa sababu imenigharimu, na nilimficha kwa kuona haya. Leo nimeamua kuitoa hadharani, kwani naona vijana wetu wengi, na hata sisi watu wazima, tunaingia katika minada hii kila siku, na ni wachache wanaotuambia kuna nini ndani yake.

Mnada una asili katika Uislamu

Kwanza tuliweke sawa suala la hukumu. Katika Hadithi aliyoipokea Anas (RA), iliyomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, tunaelezwa habari ya mtu mmoja katika Answari aliyekuja kwa Mtume (SAW) kuomba msaada. Mtume (SAW) alimuuliza nyumbani kwake ana nini. Akajibu kuwa ana nguo nzito ambayo wanajifunika upande mmoja na kutandika upande wa pili, na chombo cha kunywea maji. Mtume (SAW) akaagiza vitu hivyo viletwe, akavishika kwa mkono wake, akawauliza watu nani atavinunua. Mmoja akataja dirhamu moja. Mtume (SAW) akauliza tena, mara mbili au tatu, nani ataongeza. Mwingine akatoa dirhamu mbili, akauziwa.

Dirhamu ile ya kwanza mtu yule aliambiwa anunulie familia yake chakula, na ya pili anunue shoka. Mtume (SAW) mwenyewe akalitia mpini, akamtuma akakate kuni na asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Tirmidhi ameieleza Hadithi hii kuwa ni hasan, ingawa wapo wanazuoni walioizungumzia sanadi yake. Hata hivyo msingi wa jambo lenyewe unajulikana: Imam Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya mauzo ya mnada katika Sahihi yake, na humo amenukuu maneno ya Ataa, mwanachuoni wa Makka, kwamba aliwakuta watu hawaoni ubaya kuuza ngawira kwa anayeongeza bei.

Huenda mtu akauliza: mbona tumekatazwa kununua juu ya manunuzi ya ndugu yetu? Wanazuoni wamefafanua kuwa katazo lile ni pale muuzaji na mnunuzi wameshaelewana, kisha wewe ukaja kuvuruga. Katika mnada muuzaji bado hajaridhia bei ya yeyote, na kila aliyehudhuria anajua hivyo. Katika zama zetu hizi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lililijadili suala la mnada. Baraza halikuona ubaya washiriki kutakiwa kuweka dhamana, ilimradi asiyeshinda arudishiwe dhamana yake. Najash likaiharamisha, nami nitaieleza huko mbele.

Kwa hiyo anayekwenda Feri alfajiri kugombea fungu la samaki, na anayekaa na simu yake kugombea gari lililoko Nagoya, wote wako katika muamala ambao asili yake ni halali. Chombo kimebadilika tu.

Raha yake haikataliki

Nisiwe mnafiki. Minada hii ina raha, na raha yenyewe si haramu. Mwezi Septemba mwaka 1995, huko California, Pierre Omidyar alianzisha tovuti ya mnada ambayo baadaye ilikuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kimulimuli cha leza kilichoharibika, na kiliuzwa dola 14.83. Omidyar alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa kile kitu ni kibovu. Mnunuzi akajibu kuwa ameelewa, na kwamba yeye hukusanya vimulimuli vibovu.

Mimi hupenda kisa hiki. Muuzaji kasema kweli, mnunuzi kajua anachonunua, na kitu ambacho kwa mmoja kilikuwa cha kutupwa kimepata thamani kwa mwenzake. Hii ndiyo baraka ya biashara. Mtume (SAW) ametufundisha, katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (RA) waliyoiafiki Bukhari na Muslim, kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa mauziano yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa.

Mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita nilinunua redio ya zamani ya masafa mafupi kwa njia hiyo, ya aina ile aliyokuwa nayo marehemu baba yangu, ambayo tulikuwa tukiizunguka jioni kusikiliza habari. Mwenye kuiuza aliandika wazi kuwa kioo kina ufa na kifuniko cha betri hakipo. Niliingia, nikaweka kiwango changu, nikalala. Asubuhi nikakuta nimeipata kwa bei ndogo kuliko niliyoweka. Ilipofika nilimpigia dada yangu simu nikamsikilizisha mlio wake, akalia. Fedha ile sijaijutia hata siku moja.

Zingatia nilichokifanya pale. Niliweka kiwango, nikalala. Tovuti kama eBay imejengwa hivyo: unaiambia mashine mwisho wako ni kiasi gani, nayo inakupandishia kidogo kidogo kila mwingine anapopanda, na ikifika mwisho wako inanyamaza. Mtu aliyesema ukweli wake tangu mwanzo hana sababu ya kukesha. Laiti ningeendelea hivyo.

Usiku wa gari la madrasa

Kamati ya madrasa yetu ilichangisha fedha za kununua gari la kubebea watoto. Watoto wetu huvuka barabara kuu kuja madrasa na kurudi, na kila mzazi anajua magari ya mjini yanavyokimbia saa za jioni. Mchango ulichukua zaidi ya mwaka. Yupo mama anayekaanga maandazi aliyekuwa akileta shilingi elfu mbili kila Ijumaa, zimekunjwa kwenye kitambaa. Namtaja makusudi, na mtaona kwa nini.

Kwa vile mimi ndiye niliyeonekana kuyajua mambo ya mtandao, kamati ilinipa kazi ya kutafuta Toyota Hiace katika minada ya Japani kupitia kwa wakala. Wengi wenu mnajua utaratibu ulivyo. Magari yaliyotumika hupelekwa kwenye majumba ya minada, kila gari likiwa na karatasi yake ya ukaguzi, na wafanyabiashara waliosajiliwa ndio wanaogombea. Sisi wa huku tunapita kwa wakala, ambaye anatufungulia tovuti yake tuangalie na kupandisha. Kamati iliniwekea mwisho: yeni 650,000 kwa gari lenyewe, kwani bado kulikuwa na nauli ya meli, ushuru, gharama za bandari na usajili. Niliandikishiana nao na nikatia saini.

Japani wametutangulia kwa saa sita. Mnada unaoanza kwao saa nne asubuhi, kwetu ni saa kumi za usiku. Basi nikawa naamka saa tisa na nusu, natandika mkeka sebuleni, naweka simu mbele yangu. Siku ya kwanza gari lilinipita. Siku ya pili likanipita. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuwachukia watu nisiowajua.

Siku ya nne lilikuja jeupe, safi kwa macho, kilometa chache. Gari moja katika minada ile halimalizi dakika. Bei ikapanda ikafika 650,000 na mwingine akapita. Kidole changu kikabonyeza. Nikajiambia ni yeni chache tu zaidi. Yule akapanda, nami nikapanda. Wakati huo nikasikia adhana ya Alfajiri kutoka msikiti wetu, ule ule ambao gari lilikuwa linanunuliwa kwa ajili ya madrasa yake. Nikasema moyoni, namalizia hili. Nyundo ilipogongwa gari lilikuwa langu kwa yeni 815,000. Niliruka juu kwa furaha kama mpira umeingia golini. Mke wangu alitoka chumbani akaniuliza kulikoni, nikamwambia: "Nimeshinda!" Akaniuliza: "Umeshaswali?"

Jamaa ilikuwa imeshatoka. Niliswali peke yangu, na ndani ya Swala nilikuwa napiga hesabu.

Yeni 165,000 juu ya mpaka niliowekewa ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Na haikuishia hapo. Gari lilipofika na fundi akalilaza chini, alikuta mabati ya sakafu yameliwa na kutu. Nilitaka kumpigia wakala simu nimgombeze. Kabla sijafanya hivyo nikafungua ile karatasi ya mnada. Katika mchoro wa gari zilikuwepo herufi S na C, tena si moja. Katika karatasi zile S ni kutu, na C ni kutu iliyokwishakula bati. Waliliuza wakiwa wamesema. Mimi ndiye sikusoma. Nilitazama picha, nikatazama kilometa, kisha nikamtazama mpinzani wangu.

Mtego wa kwanza: Nafsi inayotaka kushinda

Ndugu msomaji, hapa ndipo palipo na kiini cha maneno yangu. Katika mnada mtu huingia akiwa mnunuzi, na bila kujua hugeuka mshindani. Haja yake hubaki nyuma, na mbele yake anakuwepo mtu wa kushindwa. Thamani ya kitu haikubadilika kati ya yeni 650,000 na 815,000. Kilichobadilika ni mimi.

Wataalamu wa uchumi wamelipa jambo hili jina: laana ya mshindi. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield ya Marekani waliandika kuhusu zabuni za vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Walieleza kuwa makampuni mengi yakikisia thamani ya kitu kimoja ambacho hakuna anayekijua kwa uhakika, anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyekisia juu kuliko wote, yaani aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Maana yake, wenzako wote wakishakuacha ni vema ujiulize wamejua nini usichokijua wewe. Sina shaka kuwa wale walioniachia gari lile walikuwa wameisoma karatasi.

Lakini sisi Waislamu tulitahadharishwa na hili kabla ya wataalamu hao. Amepokea Kaab bin Malik (RA), katika Hadithi iliyomo kwa Tirmidhi, kwamba Mtume (SAW) alifananisha pupa ya mtu juu ya mali na heshima na mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa katika kundi la kondoo. Akabainisha kuwa madhara ya mbwa mwitu wale kwa kondoo hayashindi madhara ya pupa hiyo kwa dini ya mtu. Zingatia yametajwa mambo mawili: mali, na heshima. Katika mnada mbwa mwitu wote wawili wanaachiwa kwa pamoja. Unataka kitu, na unataka kuonekana umekipata wewe. Hata kama hakuna anayekuona isipokuwa mkeo aliyeamshwa na kelele zako.

Mtego wa pili: Najash

Najash ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili wengine wadanganyike wapande zaidi. Mtume (SAW) ameikataza, kama alivyopokea Ibn Umar (RA) katika Bukhari na Muslim. Katika minada yetu ya mitaani tunawajua watu hawa: dalali huwapanga katikati ya umati, wanapiga kelele, wanapanda bei, mwisho wanapotea.

Mtandaoni ni rahisi zaidi, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na majina matano. Mwaka 2000 katika tovuti ya eBay mchoro mmoja ulioanza kwa senti 25 ulipanda hadi dola 135,805, watu wakidhani umechorwa na Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa Marekani. Ikagundulika kuwa muuzaji mwenyewe alikuwa ameupandia bei mchoro wake. Mauzo yakafutwa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa yeye na wenzake walikuwa na mazoea ya kupandishiana bei. Muuzaji yule alikuwa mwanasheria, na alikiri kosa mahakamani.

Sasa mimi nawauliza ndugu zangu tunaouza vitu mtandaoni na katika makundi ya WhatsApp. Mara ngapi tumemwambia shemeji au rafiki: "Hebu niwekee dau pale niwachangamshe watu"? Tunaliona ni mchezo. Sahaba Ibn Abi Awfa (RA), kama alivyonukuliwa katika Bukhari, alimweka mwenye kufanya najash katika daraja moja na mla riba na mhaini. Shemeji aliyekubali kukusaidia ana sehemu yake ya dhambi.

Mtego wa tatu: Kuficha, na kutosoma

Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (SAW) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye chakula akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakukiweka chakula kilicholowa juu watu wakione, kisha akatamka kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Picha ya simu ndiyo lundo la leo. Muuzaji anapiga picha upande usio na mkwaruzo, anapunguza kilometa, anaandika maneno matamu. Anakificha kilicholowa chini.

Wapo pia wanaotangaza mnada wa kitu ambacho hawana, wakitaraji wakishapata mnunuzi ndipo wakakitafute. Hakim bin Hizam (RA) alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu biashara ya namna hii, akakatazwa kuuza asichokuwa nacho.

Hata hivyo mnunuzi naye ana wajibu wake. Muuzaji akishabainisha kasoro, na wewe ukaiacha karatasi bila kuisoma kwa kuwa una haraka ya kupambana, usimtafute wa kumlaumu. Haya nayasema kwa nafsi yangu kwanza.

Mtego wa nne: Kulipia kila dau

Upo mnada wa aina nyingine ambao nawasihi muuepuke kabisa. Ni ule ambao kila unapopandisha bei unalipia, na usiposhinda fedha yako hairudi. Kampuni ya Swoopo ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la Telebid, ndiyo iliyoupa umaarufu mkubwa mtindo huu. Yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2011, lakini mtindo wake haukufa nayo.

Tupige hesabu. Tuseme kila kubonyeza ni senti 60 za dola, na kila kubonyeza kunapandisha bei kwa senti moja. Simu ikiuzwa kwa dola 50, watu watashangilia kuwa kuna mtu kaokota. Lakini ili bei ifike dola 50 ni lazima watu wawe wamebonyeza mara 5,000, na mara 5,000 kwa senti 60 ni dola 3,000. Mwenye mnada kapata dola 3,050 kwa simu moja. Mshindi kapata simu, na waliobaki wote wamelipa wakaondoka mikono mitupu.

Huo si mnada. Mtu anatoa fedha kwa kutumaini kupata, na wengi wanatoa ili mmoja apate. Hii ni kamari iliyovaa kanzu ya mnada. Mwenyezi Mungu (SW) katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ameitaja kamari pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi ya shetani, na akatueleza shetani anakusudia nini: kututia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na Swala. Nilipoisoma aya hii baada ya usiku ule niliinamisha kichwa. Mnada wangu haukuwa kamari, lakini dalili zote mbili nilikuwa nazo: chuki kwa watu nisiowajua, na adhana niliyoiacha ipite.

Mbele ya kamati

Nilikaa na siri ile siku tisa. Shetani alinipa njia nyingi. Ningeweza kusema bei zimepanda. Ningeweza kusema fedha ya kigeni imetupiga. Nani katika kamati angekwenda kuuliza Japani? Lakini kila Ijumaa nilipomwona yule mama wa maandazi nilikosa pa kuangalia. Mwenyezi Mungu (SW) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe, na fedha ile ilikuwa amana.

Baada ya Swala ya Isha niliomba kikao, nikaeleza yote mwanzo hadi mwisho, nikaweka karatasi ya mnada mezani. Kimya kilitanda. Kisha mzee mmoja, mtu wa maneno machache, akasema: "Mwanangu, sisi tulikutuma gari. Wewe umetuletea ushindi. Ushindi haubebi watoto."

Nilimjibu: "Ni kweli mzee wangu. Nimekosa."

Wanazuoni wameeleza kuwa wakala akivuka mpaka aliowekewa na aliyemtuma, ziada si mzigo wa aliyemtuma mpaka aridhie mwenyewe. Sikungoja waridhie. Niliuza pikipiki yangu, nikafidia sehemu kubwa ya ziada na gharama ya kuchomelea mabati, na iliyobaki naimaliza kila mwezi inshaallah. Gari sasa linabeba watoto. Lakini lilikaa gereji wiki tano, na kwa wiki hizo tano watoto waliendelea kuvuka barabara kwa miguu. Kila jioni nilisimama pale barabarani kuwavusha, nikiomba Mungu asije mmoja wao akagongwa kwa sababu ya kidole changu. Alhamdulillah, hakuna aliyedhurika.

Siku hizo nilimkumbuka sana Sahaba Urwa al-Bariqi (RA). Mtume (SAW) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua wawili kwa dinari ile ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Mtume (SAW) akamuombea baraka katika biashara yake, kama ilivyo katika Bukhari. Yeye alitumwa akarudi na ziada. Mimi nilitumwa nikarudi na deni.

Nasaha

Kwa hiyo kijana uliyeniuliza pale mlangoni, hili hapa jibu langu kamili. Nunua katika mnada, ni halali. Lakini kabla hujaingia andika mwisho wako kwenye karatasi, na mpe mtu mwingine aishike, mkeo au rafiki yako. Soma kila kilichoandikwa kuhusu kitu, na usichokielewa uliza. Tovuti ikikuruhusu kuweka mwisho wako, uweke kisha ondoka. Usiingie katika mnada unaolipia dau. Usimpandishie bei ndugu yako kwa ajili ya kumfurahisha muuzaji. Ukitumwa, kumbuka kuwa fedha si yako. Na ukishindwa, sema Alhamdulillah: pengine umeepushwa na sakafu yenye kutu.

La mwisho ni juu ya ile saa. Mnada wa Japani ulikuwa ukiniamsha saa tisa na nusu za usiku bila kengele, mimi ambaye kuamka kwa Tahajudi kulinishinda kwa miaka. Ile ni theluthi ya mwisho ya usiku. Tumefundishwa katika Hadithi ya Abu Hurayra (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa katika saa hiyo Mola wetu hunadi: ni nani anayemuomba ampe, na ni nani anayemtaka msamaha amsamehe. Nami nilikuwa macho saa ile ile, siku nne mfululizo, nikisikiliza wito wa nyundo.

Mwenyezi Mungu (SW) katika Suratut Tawba, aya ya 111, ametueleza kuwa Yeye amenunua kwa waumini nafsi zao na mali zao kwa bei ya Pepo. Bei hiyo hakuna wa kuipanda. Suhaib ar-Rumi (RA) aliielewa, akawaachia Makuraishi mali yake yote pale Makka ili wamwache ahame kwenda Madina, na akapewa bishara kuwa biashara yake imepata faida. Kwa macho ya watu wa sokoni alikuwa ameshindwa, ameondoka mikono mitupu.

Siku hizi bado naamka saa tisa na nusu. Mazoea yamebaki. Simu naiacha chumbani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu Yake, azibariki biashara zetu, atusaidie kuzirudisha amana zilizo mikononi mwetu, na awalinde watoto wetu njiani.

Wabillahi tawfiq.